Taa ya Breki Mteremkoni Sekenke



Dereva ateremkaye Mlima Sekenke, Wilaya ya Iramba, na shehena ya alizeti au vitunguu hapaswi kukanyaga breki za magurudumu mfululizo, kwani zikichemka hupoteza nguvu. Hutumia breki ya moshi: kipepeo huziba bomba la moshi, gesi hubanwa, na injini yenyewe hulizuia gari.

Hata hivyo, swichi ya taa za breki kwa kawaida hufuata pedali. Katika magari mengi ya zamani, breki ya moshi ifanyapo kazi taa hizo haziwaki. Gari hupunguza mwendo, na dereva wa nyuma hana habari.

Dawa yake ni taa nyekundu ya ziada. Fundi umeme achukue waya upatao umeme breki ya moshi iwashwapo, auunge kwenye koili ya rilei yenye volti sawa na za gari; ncha ya pili ya koili ishikizwe kwenye chesisi. Umeme wa taa utoke kwenye betri kupitia fyuzi na rilei hiyo. Asiunge waya huo moja kwa moja na taa za breki za awali, maana pedali ikanyagwapo umeme waweza kurudi na kuziba bomba la moshi pasipo dereva kukusudia.

Kazi hiyo ikaguliwe na wakaguzi wa magari. Kisha, kabla ya kila safari, utingo asimame nyuma na kuthibitisha kwamba taa yawaka na kuzimika pamoja na breki ya moshi. Mazao yakimwagika hulimwa tena. Dereva na utingo hawalimwi.