Vyombo vya Mifupa na Pembe vya Watu wa Kale



Mtu akila nyama siku hizi, mfupa humtupia mbwa. Watu wa kale hawakufanya hivyo. Kwao mfupa ulikuwa kama chuma kwa mhunzi: kwanza uboho uliliwa, kisha mfupa wenyewe ukageuzwa kuwa chombo cha kazi.

Pengine mtu atauliza, Je, mawe hayakutosha? Jibu ni kwamba tabia ya jiwe si tabia ya mfupa. Jiwe lina makali, lakini likichongwa jembamba huvunjika kwa pigo dogo. Mfupa hupinda kidogo usivunjike, tena hukubali kuchongwa ukawa mrefu na mwembamba. Kwa hiyo jiwe lilitumika kukata, na mfupa ukawa sindano, ncha ya mkuki, au chusa cha kuvulia samaki.

Mafundi walikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ni kupiga. Katika bonde la Olduvai, nchini Tanzania, wataalamu walifukua vyombo 27 vya mifupa, hasa ya tembo na viboko, vyenye umri wa miaka milioni 1.5. Habari zake zilitangazwa mwaka 2025. Mifupa hiyo ilipigwa kwa jiwe, ikamegwa pembeni hata ikapata makali, kama vile mawe yalivyochongwa. Wakati huo binadamu wa namna ya leo walikuwa hawajatokea bado.

Njia ya pili ni kukwangua na kusugua. Fundi alikwangua mfupa kwa jiwe kali, akausugua hata ukawa laini, kisha akachonga meno yaliyoelekea nyuma, ili samaki akichomwa asichopoke. Vyusa vya namna hiyo vilifukuliwa Katanda, kando ya Mto Semliki nchini Kongo, pamoja na mifupa ya kambare. Umri wake wakadiriwa kuwa miaka 90,000. Nchini Kenya pia, kando ya Ziwa Turkana, wavuvi wa zamani sana waliacha vyusa vyao vya mfupa katika mchanga wa pwani ya ziwa.

Watu wa Ulaya walikuwa na mali nyingine, yaani pembe za ayala. Pembe ya ng'ombe hukaa kichwani maisha yake yote. Bali pembe za ayala ni mfupa mtupu wenye matawi, nazo huanguka kila mwaka zikamea nyingine. Hivyo fundi aliweza kuziokota msituni bila kuua mnyama. Mahali paitwapo Star Carr, Uingereza, Bwana Grahame Clark alichimba toka mwaka 1949 hata 1951, akapata ncha 191 zenye meno, za miaka ipatayo 11,000. Mafundi wa hapo walikata mifuo miwili sambamba kwa gumegume, mpaka kufikia sehemu laini ya ndani. Ndipo walipobandua kibanzi kirefu kilichobaki katikati, wakakichonga meno.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi walidhani kwamba ufundi huu wa kuchonga mifupa kwa uangalifu ulianzia Ulaya, yapata miaka 40,000 iliyopita. Mambo yaliyoleta mashaka juu ya fikira hiyo yalitoka katika udongo wa Afrika. Lakini ushahidi wa udongo hupotea upesi. Umri wa mfupa mara nyingi hujulikana kwa tabaka la udongo ulimolala. Mfupa ukiisha kung'olewa na kupelekwa nyumbani, wala mahali pake pasijulikane, huwa kama shahidi aliyekatwa ulimi.

Basi mkulima akilima, au mchimba mchanga akichimba, akaona mfupa wenye alama za kuchongwa, asiendelee kuchimba hapo, wala asiuuze. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yamtaka aipashe Makumbusho ya Taifa habari katika muda wa siku saba, akionyesha mahali hasa alipouona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye aliyeinama na aangalie asikanyage urithi wa wajukuu wake.