HESABU YA MWENYE LORI ANAYEENDESHA MWENYEWE

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa chama cha msingi cha wenye malori, Makambako, katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Nimepewa heshima ya kusema machache katika siku hii ambayo Chama Kikuu chetu kinatimiza miaka kumi. Wenzangu walionitangulia wameeleza habari za mazao, maghala na mbolea. Wanachama ninaowatumikia mimi ni wenye malori, na wengi wao wana lori moja moja, ambalo huliendesha wenyewe kutoka hapa mpaka Dar es Salaam na kurudi. Kwa hiyo nimechagua kusema juu ya jambo moja tu, nalo ni hili: fedha anayorudi nayo mwenye lori mfukoni si faida yake yote. Sehemu kubwa ya fedha hiyo ni haki ya lori lenyewe. Mtu asiyelipa lori haki yake hulila lori lake kidogo kidogo, na mwisho wake hubaki na ufunguo tu.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Basi na tufungue daftari pamoja. Hesabu nitakayoitoa ni ya mfano, wala si ya mwanachama yeyote. Kila mmoja akifika nyumbani aweke tarakimu zake mahali pa tarakimu zangu.

Tuchukue lori lenye matairi 10, lililokwisha kutumika, ambalo mwanachama amelinunua kwa Sh. 60,000,000/-. Nusu ya fedha hiyo ni akiba yake, na nusu ni mkopo wa Sh. 30,000,000/-, riba yake asilimia 18 kwa mwaka. Kutoka Makambako hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 650, basi kwenda na kurudi ni 1,300. Tuseme kwa mwaka mzima anafanya safari 40 za namna hiyo. Anaposhuka amepakia mbao au viazi, analipwa Sh. 1,900,000/-. Anaporudi amepakia saruji au bidhaa za madukani, analipwa Sh. 700,000/-. Jumla ni Sh. 2,600,000/-.

Njiani ametumia lita 400 za dizeli. Tukisema lita moja ni Sh. 3,000/-, hiyo ni Sh. 1,200,000/-. Ujira wa utingo, chakula, wapakizi na maegesho ni Sh. 250,000/-. Anarudi nyumbani na Sh. 1,150,000/- taslimu. Hapo ndipo mtu husema moyoni, "Safari hii nimepata," naye huanza kuzigawa: karo ya shule, bati za nyumba, arusi ya mdogo wake. Hakuna lililo baya katika hayo. Lakini fedha anayoigawa si yake bado.

Matairi kumi, kila moja likiwa Sh. 600,000/-, ni Sh. 6,000,000/-. Yakidumu kilometa 60,000, kila kilometa inakula Sh. 100/-, na kila safari inakula Sh. 130,000/-. Oili, grisi, springi, breki, klachi, na injini itakayofunguliwa siku moja, tuviwekee Sh. 150,000/- kwa safari. Bima, leseni, ukaguzi na kodi, vikiwa Sh. 4,000,000/- kwa mwaka, ni Sh. 100,000/- kwa safari. Riba ya mwaka wa kwanza ni Sh. 5,400,000/-, yaani Sh. 135,000/- kwa safari. Mwisho kuna uchakavu. Lori likifanya kazi miaka sita, kisha likauzwa kwa Sh. 12,000,000/-, litakuwa limepoteza Sh. 48,000,000/-. Hizo ni Sh. 8,000,000/- kila mwaka, na Sh. 200,000/- kila safari.

Jumlisheni haya matano, nanyi mtapata Sh. 715,000/-. Hiyo ndiyo haki ya lori. Katika zile Sh. 1,150,000/- zinabaki Sh. 435,000/-. Tena mwenye lori ni dereva, na dereva hustahili mshahara. Kama angemweka mtu mwingine nyuma ya usukani, angemlipa mathalan Sh. 300,000/- kwa safari. Na ajilipe yeye hizo hizo. Basi faida halisi, ambayo ni malipo ya mtaji wake na ya hatari aliyojitwika, ni Sh. 135,000/-.

Ndugu wanachama, tazameni umbali uliopo kati ya Sh. 1,150,000/- na Sh. 135,000/-. Katika umbali huo ndimo malori mengi yanamopotelea. Gharama ya dizeli hudai papo hapo, kwa maana tangi likikauka gari husimama. Lakini uchakavu haubishi hodi, na tairi halileti barua ya madai. Hukaa kimya mwaka na zaidi, kisha hudai yote kwa siku moja. Sote tumekwisha kuona lori limeinuliwa juu ya mawe kwa kukosa matairi, majani yameota chini yake, na huku mkopo unaendelea kuhesabu siku. Kila siku lori hilo linaposimama, kwa hesabu ya mfano wetu, riba, bima na uchakavu hula zaidi ya Sh. 47,000/-. Lori hulala, deni halilali.

Sasa natutazame mzigo wa kurudi. Mwanachama akikosa mzigo Dar es Salaam akaamua kupanda mtupu, anapoteza zile Sh. 700,000/-, japokuwa tuseme anaokoa Sh. 100,000/- za dizeli kwa sababu gari ni jepesi. Anafika nyumbani na Sh. 550,000/- mfukoni. Akizitazama kwa macho, ni fedha nzuri. Akizitazama kwa daftari, haki ya lori peke yake ni Sh. 715,000/-. Basi amepungukiwa Sh. 165,000/-, naye hajajilipa hata senti moja kwa usingizi alioukosa na kwa Mlima Kitonga alioupanda usiku.

Jambo hili si geni katika barabara yetu. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, njia ya Zambia ya kusini iliingia mashakani, na barabara hii ya kwetu, ambayo wakati ule sehemu kubwa ilikuwa ya udongo, ikabeba mzigo wa taifa zima. Malori yalipanda na mapipa ya mafuta na kushuka na shaba. Njia ilikuwa mbaya hata ikaitwa kwa Kiingereza jina la Jehanamu. Baadaye likaja bomba la mafuta mwaka 1968, kisha reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Nawakumbusha habari hizo kwa sababu ya somo moja: hata katika shida ile, lori lilikuwa na kazi kwenda na kurudi. Lori linalopata mzigo upande mmoja tu ni kama jembe linalolima kwa nusu ya siku, huku mwenyewe akililipia siku nzima.

Kuhusu dizeli, bei yake haimo mikononi mwetu. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nasi hupokea tu. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza mwezi Februari, bei ilipanda hata Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni mwaka huo. Rudini kwenye mfano wetu. Lita ikipanda kwa Sh. 300/- tu, lita 400 zinaongeza gharama ya Sh. 120,000/-. Faida yetu ya Sh. 135,000/- inabaki Sh. 15,000/-. Kwa hiyo mtu anayepatana nauli ya mwezi huu kwa bei ya dizeli ya mwezi uliopita, anampa mwenye mzigo faida yake kama zawadi, wala hatashukuriwa.

Wako wanaosema dawa ya haya yote ni kuzidisha uzito. Nasema si dawa, ni ugonjwa mwingine. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ilianza kutumika nchini kwetu mwaka 2019, na mizani iko hapa hapa Makambako, iko Mikese, iko na Vigwaza. Mtu akikutwa amezidisha, hulipa faini, hushusha mzigo, na hupoteza siku. Hata akiponea mizani, haponei chuma. Majaribio yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uzito juu ya ekseli ukiwa mara mbili, barabara huumia kwa kadiri ya mara 16. Barabara ikiharibika, mashimo yake hulipwa na springi zetu wenyewe. Tairi lililobebeshwa kupita kiasi halifiki kilometa 60,000, na breki zilizochoka kwa uzito hazichagui mahali pa kukataa katika mteremko wa Kitonga.

Bwana Mwenyekiti, naja sasa kwenye ushirika. Mikopo mingi ya malori ya wanachama wetu imedhaminiwa na wanachama wenzao. Lori la mmoja likisimama juu ya mawe, wadhamini wake ndio wanaoitwa mezani. Kwa hiyo tairi la jirani yako si jambo lake peke yake. Katika miaka hii kumi tumeona ndugu zetu kadhaa wakiuza malori yao, na leo wanaendesha malori ya wengine katika barabara ile ile. Hawakuwa wavivu wala walevi. Walifanya kazi usiku na mchana, lakini walikula haki ya lori wakidhani ni faida.

Halmashauri ya chama chetu imeleta mbele ya Mkutano Mkuu pendekezo lenye mambo matatu. La kwanza, kila mwenye lori aweke chamani, kila arudipo safari na kabla hajafika nyumbani, fedha ya matairi na matengenezo, kwa kadiri ya gari lake. Katika mfano wetu ni Sh. 280,000/-. Fedha hiyo itaandikwa kwa jina lake, wala haitatoka ila kwa kazi hiyo. La pili, tununue matairi na oili kwa pamoja, maana anayenunua matairi mia hasikilizwi sawa na anayenunua mawili. La tatu, tumweke mtu wetu Dar es Salaam wa kututafutia mizigo ya kurudi, ili tusikae siku nne tukiwangoja madalali.

Najua wako wanaonung'unika. Wanasema, "Fedha ni yangu, jasho ni langu, kwa nini ikae chamani?" Ni swali la haki, nami nalijibu kwa heshima. Fedha itabaki kuwa yako, na kila mwezi utapewa hesabu yake kwa maandishi. Lakini fedha iliyo nyumbani ina ndugu wengi. Mgonjwa akija, itatoka. Msiba ukija, itatoka. Hatuwezi kuwakataza watu kuugua wala kufiwa, na fedha ya tairi haijui kusema "siwezi" ikiwa imelala chini ya godoro. Ikiwa chamani, wewe unaweza kusema hivyo bila kumvunjia mtu heshima. Tena anayetaka kusaidia wenzake ana mshahara wake na faida yake. Na azitoe hizo kwa moyo mweupe.

Kwa vijana wanaotamani kununua lori la kwanza, nina neno moja. Kabla hujauliza bei ya lori, uliza bei ya kilometa. Chukua daftari la senti chache, andika kila lita na kila msumari kwa miezi mitatu ukiwa dereva wa mtu. Hesabu ikikuonyesha kwamba, baada ya lori kupewa haki yake na wewe kupewa mshahara wako, hakuna kinachobaki, basi umeokoka. Endelea kuwa dereva wa mshahara, wala usione haya. Hesabu ikionyesha kwamba kunabaki, njoo chamani, tutakudhamini kwa furaha.

Miaka kumi iliyopita malori yetu yalikuwa machache na madaftari yalikuwa machache zaidi. Leo malori yameongezeka. Naomba na madaftari yaongezeke. Pendekezo litapigiwa kura katika Mkutano Mkuu. Kila mmoja wenu na aje na hesabu ya safari yake ya mwisho, imeandikwa, kisha apige kura kwa jinsi hesabu hiyo itakavyomwambia.

 Mungu awalinde walio njiani.