KUCHAGUA BUNDUKI YA SAMAKI: TAZAMA MAJI KWANZA

(Hotuba hii ilisomwa mbele ya wanachama hapa Nakuru. Tumeipiga chapa kwa sababu wengi waliokuwa zamu siku ile wameiomba.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo si la mshahara wala la saa za kazi. Lakini linahusu fedha ya mfanya kazi na uhai wake, na kwa hiyo ni jambo la chama.

Katika mkutano uliopita mwenzetu mmoja, ambaye karibu atastaafu, alisimama akauliza swali. Kijana wake yuko kazini Salalah, nchi ya Oman. Huko ameona watu wakizamia baharini na bunduki za kuvulia samaki. Basi amempigia baba yake simu kwamba yuko tayari kumnunulia moja, ikiwa mzee atatia fedha kidogo ili wapate iliyo nzuri. Mzee alitaka kujua: achague ya namna gani, apate kuvua Naivasha atakapotoka kazini?

Wengine walicheka. Mimi sikucheka, maana nilipokuwa kijana nilikaa Mombasa miaka kadhaa, na siku za mapumziko nilizamia na watu wenye bunduki hizo. Najua jinsi zinavyopendeza machoni, na najua pia hasara yake.

Wazee husema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hiyo ni nzuri shambani, ambako jembe baya litakuchosha tu. Majini si hivyo. Chombo kisichofaa kitakula fedha yako, na siku nyingine kitakula na wewe. Kwa hiyo leo nataka tuchague, na tuchague kwa utaratibu: kwanza maji, pili sheria, tatu mfuko.

MAJI YA KULE SALALAH

Bunduki ya samaki haina baruti. Ni mti au bomba refu lenye mkono na kifyatulio, na juu yake hulazwa mshale wa chuma. Mshale husukumwa na mipira inayovutwa nyuma, au na hewa iliyoshindiliwa ndani ya bomba. Hiyo ndiyo habari yake yote. Lakini zimo za urefu mbalimbali na uzito mbalimbali, na kila moja ina maji yake.

Tazameni pwani ya Dhofar, ambako ndiko Salalah iliko. Upepo wa kusi unapovuma, tangu mwezi wa Juni mpaka Septemba, husukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, na maji baridi ya chini hupanda kushika mahali pake. Katika baridi hiyo, upande wa Mirbat na kuendelea mashariki, huota mwani mkubwa juu ya mawe, mwani wa majani mapana uliosimama kama kichaka. Hapa kwetu Pwani hakuna mwani wa namna hiyo, kwa sababu maji yetu ni ya moto. Sisi tuna matumbawe na majani ya bahari. Mwani kama huo uko pia Afrika ya Kusini, upande wa Cape, na California huko Marekani, kote ambako bahari ni baridi.

Sasa mtu anayezamia kati ya mawe na mwani huo achague nini?

Kwanza, achague bunduki fupi, kama sentimita 75 mpaka 90. Bunduki ndefu ya sentimita 110 na zaidi ni ya maji meupe na wazi, ambako samaki huonekana toka mbali. Ndani ya mwani samaki hutokea ghafula, karibu nawe. Ukiwa na bunduki ndefu huwezi kuigeuza. Itashikwa na majani, na samaki atakuwa amekwisha kwenda zake.

Pili, atazame mshale. Mshale mwembamba huenda mbio, lakini ukigonga jiwe hupinda, na mshale uliopinda hautakwenda sawa tena. Penye mawe yafaa mshale mnene, milimita 7 au zaidi, na chembe yake iwe ya kufungua kwa skurubu, ili ikivunjika ubadilishe chembe tu badala ya kununua mshale mzima.

Tatu, kuna nguvu yake. Ya mipira ni rahisi kutengeneza: mpira ukikatika unaweka mwingine. Ya hewa ina nguvu hata ikiwa fupi, nayo yafaa katika mashimo, lakini ndani yake mna vipira vya kuzuia hewa isitoke, na mchanga ukiingia huviharibu. Mtu asiye na fundi karibu asiinunue.

Nne, na hili ndilo kubwa, ni kamba. Wengi hufunga kamba ndefu toka kwenye bunduki mpaka kwenye boya linaloelea juu. Penye mwani kamba hiyo hujisokota katika mashina, na mzamiaji huvutwa nayo. Afadhali kamba izungushwe kwenye kigurudumu kidogo juu ya bunduki yenyewe. Kamba isifungwe mwilini hata kidogo, na kisu kikali kiwe mahali ambapo mkono wowote utakifikia. Mimi mwenyewe nilimwona rafiki yangu, mshale wake umekwama kwenye jiwe na kamba imemzunguka mguu. Alikuwa na kisu, ndiyo maana alirudi nyumbani.

Tano, watu wawe wawili, mmoja chini na mmoja juu akimwangalia. Wala mtu asihemehe haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama, akidhani anajaza pumzi. Kufanya hivyo huondoa ile dalili ya mwili inayokuambia "panda sasa", na mtu huzimia majini bila kujua. Bunduki isitegwe nchi kavu. Itegwe mtu akiwa ndani ya maji, na iteguliwe kabla ya kutoka.

Basi kijana wa mzee wetu, akitaka kununua yake mwenyewe huko aliko, hayo ndiyo ya kutazama. Lakini aulize kwanza sheria ya nchi ile kabla ya kutoa fedha. Mgeni haruhusiwi kusema hakujua.

MAJI YA NAIVASHA

Sasa turudi nyumbani. Je, bunduki hiyo hiyo ifanye kazi Naivasha?

Ndugu zangu, ziwa la Naivasha halina bahari ndani yake. Ni ziwa la maji matamu, lisilo na kina kirefu, lenye matope chini na mafunjo kando. Tangu mwanzo wa karne hii yuko ndani yake samaki wa kigeni aitwaye kapi, mwenye sharubu, ambaye hula kwa kuchimbua tope. Yeye ndiye aliyekuja kuwa samaki mkubwa katika mavuno ya wavuvi, na kazi yake ni kuyachafua maji anamolisha. Ukishika bunduki ya sentimita 90 katika maji ya tope, huenda usiione hata ncha yake. Samaki utamwona wapi?

Tena kuna magugu. Lile gugu dogo la kuelea liitwalo salvinia lilionekana ziwani katika miaka ya 1960, na gugu-maji la maua ya zambarau lilifika mwaka 1988. Gugu hili halisimami mahali pamoja kama mwani wa Dhofar. Huelea, na upepo hulisukuma toka upande huu kwenda upande ule. Mtu anaweza kuzama penye uwazi, na anapopanda akute dari ya majani na mizizi juu ya kichwa chake. Hata mashua huzingirwa. Mtu aliye chini na pumzi ya dakika moja atafanya nini?

Na mwisho kuna kiboko. Hilo sina haja ya kulieleza kwa watu wa Nakuru. Kiboko haulizi kadi ya chama.

Pengine mtu atasema, basi nitakwenda Ziwa Nakuru, ni karibu zaidi. Ziwa lile liko ndani ya hifadhi ya taifa, na kuingia kuvua bila ruhusa ni kujitafutia jela.

SHERIA

Hata kama maji ya Naivasha yangekuwa meupe kama kioo, bado kuna sheria. Serikali ya Kenya ilitoa tangazo mwaka 2001 kukataza uvuvi wa bunduki za samaki, pamoja na nyavu za kukokota ufuoni. Sababu yake si chuki kwa maskini. Mwenye bunduki huchagua samaki mkubwa, na mkubwa ndiye mzazi. Tena mshale ukikosa huvunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba ya samaki. Mtu akikuambia kwamba Pwani bado zinaonekana, mjibu kwamba wanaokamatwa nao wanaonekana. Mzee aliyefanya kazi miaka 30 kwa heshima asimalizie mahakamani kwa ajili ya kitoweo.

Mwaka huo huo wa 2001 ziwa la Naivasha lilifungwa kwa mwaka mzima, kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha. Uvuvi wa biashara ulianza pale mwaka 1959, na katika miaka kama arobaini watu walivua mpaka hakuna kilichobaki cha kuvua. Nyavu za macho madogo zilikuwa mojawapo ya sababu. Na ziwa lilipofungwa, aliyelala njaa si mwenye duka la nyavu. Ni mvuvi, na mchukuzi, na mama mwenye karai la kukaangia samaki. Kwa hiyo sheria ya chombo ni ulinzi wa kazi, kama vile mapatano yetu na mwajiri yalivyo ulinzi wa kazi.

MFUKO

Basi mzee wetu afanye nini na fedha yake? Akitaka uvuvi, nampa shauri hili.

Asianze na chombo. Aanze na kibali. Aende kwenye ofisi ya uvuvi na kwa kamati ya ufuo, ile watu waiitayo BMU, aulize kama nafasi ya mashua iko, na ukubwa wa jicho la wavu unaoruhusiwa. Mashua za ziwa lile zina hesabu yake, na asiye na kibali ni mwizi tu, hata akiwa na wavu mpya.

Kisha anunue jaketi la kuokolea maisha, kabla ya wavu. Kiwandani ukiumia iko sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka 2007, na chama kitasimama nawe. Lakini ukijiajiri mwenyewe, hakuna mwajiri wa kudaiwa. Utakayemdai ni kiboko.

Ndipo anunue wavu. Dukani asitazame rangi. Ashike jicho moja, alivute mpaka lijinyoshe, kisha apime toka fundo hata fundo la upande wa pili. Hicho ndicho kipimo. Akatae wavu wa uzi mmoja wa plastiki unaong'aa, hata ukiwa rahisi. Umekatazwa, na ukipotea majini hauozi, huendelea kuua samaki wasiovuliwa na mtu. Achukue wavu wa nyuzi zilizosokotwa. Ategee penye maji wazi, na kabla ya kutega atazame upepo unapeleka magugu upande gani, maana magugu yakipita juu ya wavu yatauchukua wote.

Na mwisho, asiende peke yake. Wastaafu wanne wakitia fedha pamoja, wakaandika mapatano yao, nani anaingia majini, nani anauza, nani anaweka hesabu, hasara ikija haitamwangusha mmoja. Jambo hili ninyi mnalijua kuliko mimi, maana ndilo lililowaleta katika chama.

Ndugu Mwenyekiti, naona saa imekwisha. Mzee wetu na amjibu kijana wake hivi: "Mwanangu, ahsante. Bunduki ile ni nzuri, lakini si ya maji yetu. Fedha uliyotaka kuninunulia bunduki, niletee nilipie kibali na jaketi." Kijana aliyelelewa na mfanya kazi ataelewa.

Na sisi sote, siku ya kupokea fedha ya kustaafu, tutaletewa vitu vingi vya kupendeza. Wenye kuuza watatusifia chombo. Sisi tuwaulize habari ya maji.

 Umoja ni nguvu.