Pepo, Doti ya Kanga na Neno la Kiti
Mhadhara wa umma uliotolewa Horohoro, wilaya ya Mkinga



Nimekuja kugombana na marehemu, na najua si adabu. Marehemu mwenyewe ni Ioan Lewis, mwanaanthropolojia wa Uingereza aliyefariki mwaka 2014 baada ya kutumia umri wake mwingi kuwasoma Wasomali. Mwaka 1966 katika jarida la Man, kisha mwaka 1971 katika kitabu chake Ecstatic Religion, alitoa hoja ambayo mpaka leo haijachoka kutembea. Pepo, alisema, huwapanda zaidi wanyonge, hasa wake za watu. Mke hawezi kumkabili mumewe akamwambia nataka nguo, nataka marashi, nataka chakula kizuri. Pepo anaweza. Mume aliyezoea kumnyima mke hathubutu kumnyima pepo.

Kwa haki yake, Lewis hakusema wanawake wale wanadanganya. Waliosema ni waliomfuata, pamoja na kila mzee wa barazani anayekunywa kahawa yake na kuamua kwamba "hao wanataka kanga tu". Niliisikia kauli hiyo hiyo, imevishwa suti, katika kikao cha kutetea tasnifu. Mwanafunzi alikuwa anaeleza yale ambayo viti, yaani wale wanaopandwa na pepo, walimwambia wanayahisi pepo anapopanda: uzito mabegani, ubaridi, sauti za watu kwenda mbali. Mtahini akamkatiza: hayo ya kuhisi tuyaache, tuambie walipata nini. Tangu siku hiyo nimekuwa na deni la kumjibu.

Nianze na ushahidi ulio bora kabisa upande wa wafuasi wa Lewis, kwa kuwa umetoka kwa majirani zetu. Mwaka 1957 Grace Harris aliandika katika American Anthropologist juu ya saka ya Wataita, ng'ambo ya mpaka huu. Mwanamke husikia mngurumo wa gari au huona kiberiti kikiwashwa, mara kiwiliwili kinatetemeka, kichwa kinakwenda huku na huku, anatoa maneno yasiyoeleweka. Mwingine hushikwa akiwa na uchu wa sukari au sigara. Kuna sehemu, kwa makadirio ya Harris, ambako kiasi cha nusu ya wanawake walioolewa waliwahi kushikwa. Na gari ni la nani? Fedha za mshahara ni za nani? Za mwanamume. Hapo wafuasi wa Lewis hupiga makofi.

Mimi sipigi. Hoja hiyo inaeleza kwa nini gari na si jiwe, kwa nini sigara na si boga. Haielezi hata kidogo kwa nini kutetemeka. Binadamu mwenye haja ana njia nyingi: atanuna, atarudi kwao, atamtuma shangazi wa mume, ataacha kupika. Kati ya zote hizo, kwa nini misuli ya shingo? Wala haielezi wale wanaoshikwa na kitu wanachokiogopa badala ya wanachokitaka. Aliyeshtushwa na gari hakupewa gari.

Tena tupige hesabu kama watu wa mpakani. Kilinge, yaani ngoma ya pepo, kinataka ubani, mbuzi, wapiga ngoma wa kulipwa, na wali wa wageni ambao hawajawahi kukosa njaa. Mwenye shida ya doti ya kanga hapa Horohoro atavuka Lungalunga asubuhi na kurudi nayo kabla ya adhuhuri. Hakuna mfanyabiashara wa mji huu atakayetumia mtaji wa namna ile kwa faida ya namna hii.

Shangazi yangu alikuwa kiti wa pepo wa Kimasai. Alikuwa mjane, mwenye minazi yake na ulimi wake, na sikumbuki mwanamume wa ukoo wetu aliyewahi kumnyima kitu akalala salama. Ngoma zake alizilipia mwenyewe kwa nazi zake. Mimi ndiye niliyetumwa dukani kununua ubani, na chenji nilihesabiwa mpaka senti. Sasa niambieni, alikuwa anamnyang'anya nani? Linda Giles alikwishaliona hilo aliposoma vilinge vya Mombasa, Unguja na Pemba, akaandika katika jarida la Africa mwaka 1987 kwamba ndani yake mna wanaume pia, na watu wenye heshima zao, si watu wa pembezoni peke yao. Wafuasi wa Lewis hujibu kwamba unyonge una sura nyingi. Naam. Nadharia inayomkuta kila mtu mnyonge haiwezi kushindwa, na kwa hiyo haijashinda.

Wanaosema siri iko katika ngoma nisiwachoshe nao. Andrew Neher alidai mwaka 1962 kwamba mapigo ya ngoma huuburuta umeme wa ubongo mpaka mtu akapotea. Gilbert Rouget alimjibu mwaka 1980 kwamba kama ingekuwa hivyo, nusu ya Afrika ingeshinda imepandwa na mashetani. Mpiga ngoma, anayeisikia kwa karibu kuliko wote, ndiye asiyepandisha.

Kuhusu hospitali nasema moja tu, na mniwie radhi kwa ukali. Kifafa hakingoji falsafa. Mtoto anayeanguka na kukakamaa apelekwe kwa daktari. Dawa zipo, nyingine za bei ndogo. Lakini tabibu naye asimwone kila anayetetemeka kuwa mgonjwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, inautaja upagawaji kuwa ugonjwa pale tu unapomjia mtu asiyeutaka na nje ya ibada au mila inayoukubali.

Na mashine za kupima ubongo zimeona nini? Mwaka 2006 Andrew Newberg na wenzake wa Pennsylvania waliwapima Wakristo watano wanaonena kwa lugha, wakakuta damu imepungua katika sehemu za mbele za ubongo, zile zinazosimamia mtu anapofanya jambo kwa kusudi. Hiyo inalingana na neno lao kwamba si wao wanaosema. Watu watano ni wachache, najua. Hata hivyo kwa mwigizaji wa jukwaani, anayechunga kila neno lake, ningetegemea picha tofauti na hiyo.

Sasa nifike kwenye kisa nikipendacho, ambacho wanafunzi wangu wamekisikia mpaka wanakichukia. London kulikuwa na mgonjwa anayejulikana kwa herufi mbili tu, D.B. Alifanyiwa upasuaji, akaondolewa sehemu ya nyuma ya ubongo upande wa kulia, sehemu inayohusika na kuona. Nusu ya kushoto ya kila alichokitazama ikawa haipo. Lawrence Weiskrantz na wenzake waliwasha taa ndogo upande ule ule usiokuwapo, wakamwomba aelekeze kidole. Aelekeze wapi, na haoni kitu? Wakambembeleza abahatishe. Akabahatisha, na kidole kikaenda kwenye taa. Wakampa mistari, akatenganisha uliosimama na uliolala. Alipoonyeshwa matokeo alishangaa kuliko wao. Taarifa za kwanza zilitoka mwaka 1974, na kitabu kizima mwaka 1986.

Hakuna aliyemwita D.B. mwongo. Wasomi wengi walikubali kwamba mambo mawili ni kweli kwa pamoja: ubongo wake unapokea taa, na yeye haoni. Neno lake "sioni" lilichukuliwa kuwa matokeo ya kisayansi. La shangazi yangu pepo akishashuka, "sikumbuki", linaitwa ujanja.

Wapo watakaonitolea utafiti wa Rafaële Huntjens wa Uholanzi, na wana haki. Kuanzia mwaka 2003 aliwapima wagonjwa wenye nafsi zaidi ya moja, ambao hueleza kwamba nafsi hii haijui yale ambayo nafsi ile imejifunza. Vipimo vikaonyesha yaliyofunzwa huku yamefika kule. Huo ndio mwiba mkali kuliko yote niliyoitaja, na nimeupima kwa muda mrefu. Lakini unathibitisha nini? Kwamba habari imevuka. Taa ya D.B. nayo ilivuka. Kukumbuka, kwa maana ya mtu kujikuta tena mle jambo lilimomkuta, ni kitu kingine, na kipimo cha habari peke yake hakikigusi.

Ninaamini kiti anasema kweli. Naamini pia kwamba hali ile hufunzwa: pepo mpya hurusha mateke na kugugumia, na ni fundi wa kilinge anayemlea mpaka akataja jina na kuketi kwa adabu. Mnaona ugumu uliopo? Pepo yule yule hurudi mwaka wa pili akadai mbuzi aliyeahidiwa mwaka wa kwanza, huku kiti akiapa hajui ahadi yoyote. Kuna mahali deni linatunzwa. Anayetaka kunipinga asiniletee tena bei ya kanga. Aje Mkinga, aombe idhini ya mafundi na ya viti wenyewe, amfundishe pepo maneno mageni, kisha amwulize kiti kesho yake kwa njia mbili: unakumbuka nini, na ukilazimika kubahatisha, ni neno lipi? Majibu ya maswali hayo mawili ayaandike katika safu mbili, na asithubutu kuifuta safu ya kwanza kwa sababu ya pili.