HESABU NILIYOJIFUNZA KATIKA FASIHI
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Matiri)



Nilipoombwa nizungumzie somo lililonifaa kazini, bila shaka mlitazamia hisabati, maana mimi ni mtu wa takwimu. Leo nitazungumzia uhakiki wa fasihi, somo nililolichukia kuliko kufyeka nyasi za ngoro.

Mwaka 1997, nikiwa Kidato cha Tatu, imani yangu ilikuwa moja: hesabu ina jibu, fasihi ina maneno tu. Vitabu vilikuwa vichache, na wengi wetu hatukuvisoma kabisa. Tulinakili madondoo ya kaka zetu wa Kidato cha Nne, tukayakariri. Swali lije lolote, jibu langu lilikuwa tayari: mwandishi amefanikiwa kifani na kimaudhui.

Siku moja Mwalimu wa Kiswahili alirudisha madaftari. Langu lilikuwa na alama 3 kwa 20, na chini yake neno moja: "Nionyeshe." Nikamfuata ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Nikuonyeshe nini?"

"Marahaba. Umeandika kwamba mhusika mkuu ni mzembe. Nionyeshe ni wapi. Wewe si mtu wa hesabu? Huko unatoa jibu bila kuonyesha njia?"

Sikuwa na la kusema. Akanipa nakala yake niende nayo bwenini, kwa sharti niirudishe Jumatatu.

Ilikuwa tamthiliya ya marehemu Edwin Semzaba, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, iliyotoka mwaka 1988. Wengi mnaikumbuka. Ngoswe ni karani anayetumwa kijijini kuhesabu watu. Huko anakutana na binti aitwaye Mazoea, moyo unahama kazi, na mwishowe karatasi za hesabu zinateketea kwa moto.

Nilianza kusoma shingo upande, nikamaliza siku ile ile. Kilichonishika hakikuwa mapenzi, bali zile karatasi. Watu wamehesabiwa, kisha ni kama hawakuhesabiwa! Usiku ule, tukiwa tumezunguka koroboi, nilidai kwamba kosa ni la aliyezitia moto. Mwenzangu wa kitanda cha juu, kijana wa Mbamba Bay, akabisha: kosa ni la karani. Wa tatu akauliza, je, ofisi iliyomtuma haina lawama? Kila aliyesema aliambiwa, "Tuonyeshe," ikambidi afungue kitabu. Maneno niliyoyapita mbio mara ya kwanza, mara ya tatu nikayakuta yamebeba mzigo mzito. Kumbe uhakiki nao una njia. Na utamu wake ni huu: jibu halikungoji nyuma ya kitabu, unalijenga mwenyewe, na mwenzako ana haki ya kulibomoa.

Mwalimu hakuwa mwenyeji wa huku kwetu. Jumatatu nilipomrudishia kitabu tulisimama nje, akaniuliza kwa nini Wamatengo wanalima mashimo mlimani. Nikamweleza: nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana, ikafanya miraba, kisha udongo wa katikati huchimbwa na kufunikwa juu ya nyasi. Shimo hushika maji ya mvua, na mteremko hausombwi. Akacheka. "Basi maharage ndiyo maudhui, na nyasi zilizofunikwa ndizo fani. Mpita njia huona maharage tu."

Ndugu zangu, ikapita miaka 25. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 nilikuwa miongoni mwa wasimamizi. Karatasi za Ngoswe zilikwisha wakati wake. Makarani wetu walishika vishikwambi. Waliotakiwa kuhesabiwa ni waliolala katika kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kijiji sitakitaja, kwa kuwa habari za kaya ni siri. Itoshe kusema ni mwambao wa Ziwa Nyasa.

Karani mmoja, kijana hodari, aliniletea kaya kadhaa zilizofuatana, zote wanawake na watoto. Hesabu zilijumlika sawasawa na kishikwambi hakikulalamika. Lakini nilisikia sauti ya zamani: nionyeshe. Katika hadithi hii, ni nani asiyetajwa?

Tukarudi nyumba ya kwanza. Mama mwenye nyumba alikuwa akianika usipa. Karani akauliza kama alivyouliza mwanzo: "Mama, usiku wa kuamkia sensa walilala nani hapa?"

"Mimi na watoto, mwanangu."

"Na baba?" nikauliza mimi.

"Baba hakulala. Alikuwa ziwani."

Wavuao usipa kwa taa hutafuta usiku wa giza, na usiku ule mwezi ulikuwa mwembamba, wa kuchelewa kuchomoza. Mama alisema kweli tupu, maana mvuvi halali. Kumbe aliyekesha kazini na kurudi asubuhi huhesabiwa pamoja na kaya yake. Karani aliuliza neno kama lilivyo kwenye mwongozo. Mama alilisikia kama lilivyo kijijini. Tulizirudia nyumba zote kabla ya jua kuzama. Akina baba wale wamo katika watu 61,741,120 waliotangazwa mwaka ule. Ngoswe alipoteza hesabu yake kwa moto. Sisi nusura tuwapoteze wavuvi kwa neno moja.

Wadogo zetu, idadi ya watu ndiyo inayopangiwa dawa, madarasa na walimu. Siku moja mtakaa kwenye meza kama yangu, mkiletewa maandishi yanayoonekana kamili. Madondoo ya kukariri hayatawasaidia. Someni kitabu chenyewe, mbishane, na kila mmoja amwambie mwenzake: nionyeshe.

Mwalimu yule amekwisha kustaafu. Kwa heshima yake nimeleta nakala 10 za tamthiliya ile; ziko pale mezani. Nawaomba wanafunzi wa zamani wenzangu, kila mmoja akija mwakani aje na kitabu kizima, asije na muhtasari. Mwenye kuazima aende nacho bwenini, akirudishe Jumatatu.