Aliyefungwa Bure Anahitaji Watu wa Nje
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Mtu wa kijiji akifungwa, sisi husema upesi: "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Basi tunamsahau. Lakini korti ni watu, na watu hukosea.

Nitawapa mfano wa Uingereza, ambako tulirithi sheria zetu nyingi. Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika baa mbili mjini Birmingham, na watu 21 wakafa. Wananchi walikuwa na hasira kali. Polisi wakashika wanaume sita, wazaliwa wa Ireland ya Kaskazini. Agosti 1975 wote sita wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Ushahidi ulikuwa gani? Kwanza, wanne kati yao walitia sahihi karatasi za kukiri. Wao walisema walipigwa mpaka wakakubali. Pili, mtaalamu alisema mikono ya baadhi yao ilikuwa na dalili za baruti. Baadaye ilionekana ya kwamba kipimo kile kingeweza kutoa jibu lile lile kwa mtu aliyeshika karata tu. Na hao watu walikuwa wamecheza karata kwenye treni!

Sasa sikilizeni walivyohangaika. Mwaka 1976 walinyimwa ruhusa ya kukata rufaa. Mwaka 1980 walitaka kuwashtaki polisi, korti ikakataa. Rufaa nyingine ilisikizwa, na mwaka 1988 wakashindwa tena. Waliachiliwa tarehe 14 Machi 1991, baada ya karatasi za polisi kuchunguzwa upya na kuonekana ya kwamba haziaminiki. Miaka 16 gerezani! Na waliofiwa nao hawakupata haki, kwani hakuna mwingine aliyehukumiwa kwa kutega mabomu yale.

Tunasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa ndefu kwa sababu wakubwa waliona aibu kukubali kosa. Nani aliifupisha? Ni familia zao ambazo hazikunyamaza. Ni mapadre wawili wa Ireland, Denis Faul na Raymond Murray, walioandika kijitabu kuwatetea. Ni mtawa, Sista Sarah Clarke, aliyetembelea wafungwa na kusaidia familia zao. Ni mwandishi wa habari Chris Mullin, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1986. Wafungwa wenyewe walikuwa ndani. Kazi ya kutafuta karatasi na mashahidi ilifanywa na watu wa nje.

Sisi tufanye nini hapa Kenya? Simaanishi kila mfungwa hana hatia. Lakini tukiona kesi ina shaka, tukumbuke haya:

1. Rufaa kutoka korti ya hakimu kwenda Mahakama Kuu hupelekwa katika siku 14 tangu hukumu. Zikipita, korti inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu nzuri. Msikae mkingoja.

2. Aliye gerezani anaweza kumpa mkuu wa gereza karatasi zake za rufaa, naye atazipeleka kortini.

3. Ombeni nakala ya mwenendo wa kesi. Katiba ya 2010 inampa mshtakiwa haki hiyo, kwa malipo ya kadiri.

4. Rufaa ikishindwa katika korti ya juu kabisa anayoruhusiwa kufika, au muda wa rufaa ukipita, Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 50(6), inaruhusu kuomba Mahakama Kuu kesi isikizwe upya, kama kumepatikana ushahidi mpya wenye uzito.

5. Andikeni mapema. Nani alimwona mshtakiwa siku ile? Wapi? Saa ngapi? Shahidi anaweza kuhama au kufariki, lakini daftari la karani hubaki.

Ndugu zangu, tunachangia mazishi, tunachangia karo. Je, tutashindwa kuchangia nauli ya mama mmoja aende kortini kuchukua nakala ya kesi ya mwanawe? Na tukimtembelea yule kijana gerezani, atajua hajatupwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
Je, kuna mtu wa kwetu aliyefungwa ambaye hatujawahi kuuliza kesi yake ilikwendaje? Nani ataenda kuuliza, na lini?