Mfupa Uliounga na Mkono Usiopona: Majeraha ya Zamani na Maumivu ya Leo

Mwaka 1814 Abraham Colles, daktari mpasuaji wa Dublin, alieleza mvunjiko wa mfupa wa rediasi karibu na kifundo cha mkono, akawaachia wagonjwa faraja moja: kwamba hata mkono ukibaki umepinda, baada ya muda mrefu utarudia wepesi wake wote na maumivu yatakwisha kabisa. Faraja hiyo ingefaa kubaki katika historia ya tiba, lau isingekuwa bado inatolewa kama hukumu: mfupa umeunga, hogo limeondolewa, kwa hiyo maumivu ya leo hayahusiani na ajali ya zamani.

Colles mwenyewe anastahili kutetewa kidogo, kwani aliandika miaka 81 kabla ya Wilhelm Röntgen kugundua eksirei. Kosa ni la kipimo, kwa sababu aliupima mkono kwa mfupa, ilhali mbele ya mfupa huohuo hupita neva ya kati, yaani mshipa wa fahamu wa dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete, ikiwa imesongamana na kano tisa katika njia nyembamba ambayo mfupa uliounga vibaya unaweza kuibana hadi vidole hivyo vikafa ganzi, hasa usiku. Nyuma ya mfupa, kano inayonyoosha dole gumba inaweza kukatika wiki kadhaa baada ya ajali, na jambo la kushangaza ni kwamba huelekea kukatika zaidi pale mfupa ulipopasuka bila kuhama. Kiungo chenyewe kikiunga bila kulingana, gegedu, yaani utando mlaini unaofunika ncha za mifupa, hulika kidogo kidogo kwa miaka. Hayo yanajulikana na hayahitaji kurefushwa.

Kinachosahaulika ni kiwiko. Mtoto akianguka mwembeni na kuvunjika upande wa nje wa kiwiko, kipande kisipounga, mkono hukua ukielekea nje, na neva ya alna, ambayo hupita nyuma ya nundu ya ndani ya kiwiko, huvutwa kila mkono unapokunjwa. Photinos Panas aliandika kuhusu kupooza huku kunakochelewa huko Paris mwaka 1878. Mgonjwa huja akiwa mtu mzima, kidole cha mwisho kina ganzi, nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole cha shahada imekonda, na kufunga vifungo kumemshinda. Mwandishi wa mhadhara huu, enzi za uanafunzi wake, alimwona fundi cherehani wa namna hiyo akitibiwa baridi yabisi, mpaka muuguzi mmoja alipomwambia anyooshe mikono yote miwili, na upindo wa kiwiko ukaonekana na kila mtu.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kudai kwamba maumivu yanayozidi ukubwa wa jeraha ni ya kubuni. Jibu lao lipo katika kitabu cha mwaka 1864 cha Silas Weir Mitchell, George Morehouse na William Keen, waliowatibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani huko Philadelphia. Hakuna maandishi yanayomfundisha tabibu kuutazama mkono kama hayo: ngozi nyekundu inayong'aa, kiganja kinachoungua ingawa risasi ilipita mbali nacho, askari asiyeachana na maji na kitambaa cha kulowanisha mkono, na mwingine anayejaza maji viatuni ili msuguano wa nyayo usimzidishie mateso. Wala hawakuwa wepesi wa kudanganywa, kwa kuwa mwaka huohuo waliandika pia namna ya kuwatambua askari wanaojisingizia ugonjwa. Walipothibitisha kwamba maumivu haya ni ya kweli, walijua wanachokisema.

Hata hivyo, maumivu hayo ya kuungua kwa kawaida huanza mapema baada ya jeraha, na si haki kuyataja kwa mkono ulioanza kuuma miaka 20 baadaye. Vilevile, si kila mkono uliowahi kuvunjika unaumia kwa sababu hiyo: neva inaweza kubanwa shingoni, kisukari huharibu neva, ukoma huivimbisha neva ya alna karibu na kiwiko, na maumivu ya mkono yanayoandamana na kifua kubana ni dharura ya moyo.

Mizani yote ikishapimwa, shauri la mhadhara huu halibadiliki: mkono wenye ganzi uchunguzwe kuanzia kiwikoni, kwa macho na kwa vidole, kabla ya picha yoyote, kwa kuwa hapo upindo wa utotoni huonekana na neva iliyovimba kwa ukoma hupapaswa. Neva iliyokatika nyuzi zake hukua takriban milimita 1 kwa siku, na kutoka kiwikoni hadi kiganjani ni safari ya karibu mwaka mzima, ilhali msuli uliokosa neva kwa muda mrefu haurudi tena. Tabibu anayesubiri picha ya mfupa imthibitishie kwamba mfupa umeunga anautumia muda ambao mgonjwa hana.